Mjomba, nitumie PS5

Najua ukurasa huu umeota nyasi. Mtanisamehe, ni mambo ya kubeba boksi. Na kwangu mimi siyo ule msemo wenu wa kuwacheka watu wa ughaibuni: nafanya kazi ghalani kule Westmead, hapa hapa Pinetown, na maboksi nayabeba kweli, mengine yamechorwa alama ya glasi pande zote nne na bado yanarushwa.

Kilichonirudisha ni simu ya Jumapili. Dada kapiga kutoka Tanga, nikamwamkia, akaitikia kwa sauti ya furaha mpaka nikajua kuna jambo. Mpwa wangu kafaulu darasa la saba. Nikasema alhamdulillah, mpe simu nimpongeze.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu, hongera sana!"

"Asante. Mjomba, nitumie PS5."

Hivyo hivyo, bila hata kuvuta pumzi. Nyuma yake nikamsikia shemeji, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike, akisema huko Bondeni vitu bei chee, watu wanaokota. Dada akachukua simu, akacheka, akasema mtoto kasoma na mjomba anaye huyo huyo mmoja. Nikajiumauma, nikasema tutaona. Na sisi tunajua "tutaona" ya mtu aliye nje inavyoeleweka. Hadi naandika hapa, bila shaka mtoto keshatangaza Ngamiani nzima kwamba PS5 iko njiani.

Sasa kwa kuwa kikao kilikaa bila mimi, na mimi najibu mbele ya kadamnasi. Jibu ni hapana. Ila hapana yangu ina maelezo, na katikati ya maelezo kuna mahali naungama, kwa hiyo msiondoke mapema.

Nianze na hiyo bei chee ya shemeji. PS5 ilipoingia madukani huku Novemba 2020 ilikuwa rand 11,999 ile yenye sehemu ya kuwekea diski, na 9,999 ile isiyo nayo. Mtu mwenye akili timamu angesema ngoja nisubiri, mashine ikizeeka bei itashuka. Ndivyo tulivyozoea, redio ikizeeka inashuka, gari likizeeka linashuka. Hii haishuki! Marekani kwenyewe ilizinduliwa kwa dola 499.99, na Agosti 2025, ikiwa inakaribia miaka mitano, Sony wakaipandisha hadi 549.99. Yaani unanunua kitu kikongwe kwa bei kubwa kuliko kilipokuwa kigeni. Kuna kitu gani kingine duniani kinafanya hivyo zaidi ya mvinyo na viwanja vya Masaki?

Na mashine ndiyo sehemu rahisi ya mzigo. Mashine ni mahari. Ukishaioa ndiyo inaanza kula.

Wiki iliyopita nilipita na kijana wangu kwenye duka moja hapa mjini. Ana miaka kumi na tatu, amezaliwa hapa, anazungumza Kizulu cha mama yake na Kiingereza cha shuleni, na Kiswahili chake ni kile cha kusema "baba naomba". (Bahati nzuri hata Kizulu baba ni baba.) Akanionyesha gemu la mpira la mwaka huu. Rand 1,399. Kwa pesa ya Bongo ni kama laki mbili, kasoro kidogo. Fanyeni wenyewe hesabu hiyo ni nauli ngapi za Tanga hadi Dar.

Mimi nilifanya hesabu nyingine. Kima cha chini cha mshahara huku, kilichowekwa Machi 2025, kilikuwa rand 28.79 kwa saa. Sheria ya kazi inasema wiki ya kawaida isizidi saa 45. Gawanya. Mtu wa kima cha chini, na pale ghalani wapo tele, kwa kima hicho ilimbidi afanye kazi zaidi ya saa 48 ili anunue gemu moja. Wiki nzima na nusu siku ya Jumatatu, bila kula, bila nauli ya teksi ya Clermont, bila kodi ya chumba. Halafu nenda London: gemu la aina hiyo ni pauni 69.99, na kima chao kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21. Saa sita hazifiki. Marekani, ambako kima cha taifa kimegoma kwenye dola 7.25 tangu 2009 na wenyewe wanakilalamikia, ni chini ya saa kumi.

Gemu ni lile lile. Diski ni ile ile. Goli likiingia linaingia vile vile. Kijana wa London anatoa jasho la asubuhi hadi mchana, sisi tunatoa la wiki na ushee, halafu tunaambiwa hiyo ndiyo bei ya dunia. Dunia ipi?

Msinijibu kwamba haiwezekani kupanga bei kwa kuangalia nchi. Inawezekana na wanafanya, wakitaka. Nintendo walipotoa Switch 2 tarehe 5 Juni 2025, Marekani waliiuza dola 449.99. Nyumbani kwao Japani wakatoa toleo linalosema Kijapani peke yake, kwa yen 49,980, ambayo kwa wakati ule ilikuwa rahisi kwa karibu dola mia. Kwa nini? Kwa sababu yen ilikuwa imedhoofika na waliona Mjapani wa kawaida ataumia. Wamemhurumia mtu wa kwao, vizuri sana, siwalaumu. Ila wasije kuniambia kwamba kalamu ya kupunguza bei hawanayo.

Sasa, haki ni haki, niseme na upande wa pili. Nina jirani yangu hapa, Mhindi wa Durban, mzee mstaafu ambaye nyumba yake ina magemu kuliko vyombo vya jikoni. Nilipomlalamikia ukutani akanikata kauli. Akasema wewe hujui unachosema, kaseti za Super Nintendo miaka ya tisini zilikuwa zinauzwa mpaka dola 60, 70 kule Marekani, na dola 60 ya wakati ule ni zaidi ya mia moja ya leo. Kwa hiyo gemu limekuwa rahisi, siyo ghali. Na kulitengeneza siku hizi kunahitaji watu mamia kwa miaka mitano, sita.

Mzee hakosei, kwa mtu anayelipwa dola. Nilikaa nalo siku mbili. Lakini mwaka 2000 dola moja ilikuwa rand 7 hivi, mwaka 2025 ilicheza 17, 18. Bongo ilikuwa shilingi 800, leo imezidi 2,000 kwa mbali. Hesabu yake ya mfumuko wa bei ni ya mfuko wa Mmarekani. Ukiileta kwetu, gemu linapanda mara mbili: linapanda kwao, halafu linapanda tena likivuka bahari kwa sababu hela yetu imeshuka. Na juu ya hapo serikali ya huku inachukua VAT yake asilimia 15.

Na kuna jambo lingine mzee alilikubali mwenyewe, akitingisha kichwa. Kaseti ile ya dola 60 ilikuwa mali yako. Ukiichoka unaiuza. Ukifa wanao wanairithi. Yeye bado anazo. Leo unanunua nini? PS5 Pro iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 699.99 haina hata sehemu ya diski, ukiitaka unanunua pembeni. Kampuni ya Ubisoft ilikuwa na gemu la magari linaitwa The Crew, la mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 wakazima mitambo, na kwa kuwa gemu lilihitaji mitambo hiyo hata ukicheza peke yako, likafa. Watu waliolilipia, wenye diski mkononi, wakabaki na kisosi. California ikabidi watunge sheria, imeanza Januari 2025, kwamba muuzaji asiandike "nunua" bila kumwambia mteja kuwa anapata leseni tu. Leseni! Yaani unalipa bei ya kununua, unapewa haki ya kuazima, na mwenye nacho akikitaka anakuja kukichukua bila kubisha hodi.

Naona wengine mmeshaanza kusema huyu kazeeka, anachukia magemu. Hapana. Mimi ndiye mgonjwa mwenyewe. Na hapa ndipo naungama.

Mnakumbuka mwaka jana mwezi wa sita, hela ya bati za Mama ilichelewa? Nilisema mtandao wa benki unasumbua. Nikasema mara mbili, na kaka mkubwa akaenda kuuliza kwa wakala mara mbili, kwenye jua. Mama, benki haikuwa na tatizo lolote. Hela nilikuwa nimeitumia. Nilipita dukani nikaona gemu moja la ujanani kwangu, jina lake nalihifadhi, limetengenezwa upya, picha zinang'aa kama kioo, na kwenye kasha kuna yule yule mtu niliyekuwa nikimwendesha pale barabara ya kumi na mbili. Mikono ilitoa pesa kabla kichwa hakijaamua. Rand 1,300 na ushee. Nilikuja kuifidia kwa kufanya kazi za Jumamosi na bati zikapatikana, lakini zilipatikana wiki mbili baadaye, na katikati mvua ilinyesha. Mke wangu aliikuta risiti kwenye suruali. Hakusema kitu. Aliiweka juu ya friji, ikakaa pale mpaka ikafifia.

Atakayemsomea Mama hapa asome polepole, na amwambie nitampigia.

Basi tangu siku ile ndiyo nimekuwa nikiitazama biashara hii kwa jicho jingine, kwa sababu nilijiuliza ni nani aliyeniingiza mkono mfukoni. Na jibu ni kwamba hawa watu wamegundua kuwa watoto wa zamani sasa tuna mishahara. Hawahitaji tena kubuni. Wanatuuzia utoto wetu wenyewe, tena kwa bei ya kitu kipya, tena mara mbili, mara tatu.

Tazameni. GTA V ilitoka Septemba 2013 kwa PS3. Novemba 2014 ikauzwa upya kwa PS4. Machi 2022 ikauzwa upya kwa PS5. Gemu moja, vizazi vitatu vya mashine, imepita nakala milioni 200. The Last of Us ilitoka 2013, ikapakwa rangi 2014, ikajengwa upya 2022 kwa dola 69.99, bei kamili kabisa ya gemu jipya. Mtoto aliyezaliwa ilipotoka mara ya kwanza alikuwa darasa la tatu wanamuuzia babake mara ya tatu. Na Novemba 2021 Rockstar walichukua yale magemu matatu ya zamani tuliyoyapenda, GTA III ya 2001, Vice City ya 2002 na San Andreas ya 2004, wakayatoa upya kama kifurushi kimoja. Yalikuwa yameharibika, sura za watu zimevimba, mvua inaziba macho usione barabara, mpaka kampuni ikaomba radhi hadharani. Wakati huo huo yale ya asili walikuwa wameyaondoa sokoni kwenye kompyuta. Nusu mkate umeungua, na mzima wameuficha kabatini! Baada ya kelele ndipo wakayarudisha.

Na msidhani wanatunza kumbukumbu. Mwaka 2023 taasisi moja ya Marekani, Video Game History Foundation, ilitoa utafiti: katika magemu yaliyotoka Marekani kabla ya 2010, asilimia 87 hayapatikani tena madukani kihalali. Wanachofufua ni kile chenye hela tu. Mengine yote yazikwe, na anayeyahifadhi mtandaoni anaitwa mwizi.

Hapa kwenye wizi nisimame kidogo, maana kuna mtu ataniuliza: na wewe ulilipa lini?

Sikulipa. Tusidanganyane. Ile mashine ya kwanza mtaani kwetu ilikuwa nakala ya Kichina ya Famicom, ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Sisi tuliiita TV gemu basi. Nimekuja huku nikakuta Wasauzi wa rika langu nao wamekulia mashine hiyo hiyo, wao wanaiita Golden China, na ukiitaja jina kwenye kituo cha teksi watu wazima wanatabasamu kama umewatajia mchumba wa zamani. Kaseti zake ziliandikwa magemu 9,999,999 ndani ya moja, ukihesabu yako kumi, yanarudiwa kwa majina mapya. Mario, Contra, vile vifaru vya kulinda ndege ya matofali. Baadaye zikaja PS1 na PS2 zilizofunguliwa, na CD za kuchoma. Nintendo hawakupata hata senti kutoka barabara ya kumi na mbili, wala Sony.

Nakubali kulikuwa ni kuiba. Ila naomba mnielewe: hakuna aliyetuuzia. Hakukuwa na duka, hakukuwa na wakala, hakukuwa na bei. Hatukuwa wateja tuliokataa kulipa, tulikuwa watu ambao hawakuhesabiwa. Na hadi leo hatuhesabiwi! Shemeji sikiliza hapa, maana hii inakuhusu. PlayStation wana mtandao wao, bila huo PS5 ni nusu mashine. Ukifungua akaunti wanakuuliza nchi. Afrika Kusini ipo. Tanzania haipo. Kenya haipo. Mpwa wangu akitaka kujisajili itabidi adanganye kwamba anaishi Pinetown kwa mjomba wake, na kadi ya kulipia iwe ya mjomba wake. Mei 2024 Sony walipotaka kuwalazimisha wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti hiyo, gemu likaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambazo mtandao huo haufiki. Nchi 170, tumo. Sharti wakalifuta siku chache baadaye kwa kelele za watu, lakini tulishajua tunaonekanaje kutoka juu. Kwa hiyo wanamuuzia mpwa wangu kumbukumbu ya kitu ambacho hawakuwahi kumletea babu yake, na bado wanamkatalia asiandike anwani yake ya kweli.

Turudi kwenye lile gemu la mpira, maana ndilo analolitaka. Electronic Arts wamelitoa kila mwaka tangu 1993. Lilikuwa FIFA, wakagombana na FIFA, kuanzia Septemba 2023 linaitwa EA Sports FC. Kila mwaka bei kamili. Jezi mpya, wachezaji wamehama, nyasi zimekuwa nyasi zaidi. Na ndani yake kuna Ultimate Team, ambako unanunua pakiti ya wachezaji bila kujua ndani yumo nani. Unaweka hela, unafungua, unapata beki wa daraja la tatu, unaweka tena. Sisi tunaujua mchezo huo, kule kwetu unachezwa kwa karata tatu stendi na anayeuchezesha anakimbia akiona polisi. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2021, kampuni ilivuna dola bilioni 1.62 kutoka Ultimate Team za magemu yake yote ya michezo. Ubelgiji walisema mwaka 2018 kwamba huo ni kamari, na Januari 2019 kampuni ikaacha kuuza pointi zake nchini humo. Kwa hiyo mtoto wa Brussels kalindwa. Wa Pinetown na wa Tanga, kila mtu na babake.

Na mimi kama baba nilishachelewa mara moja. Kijana wangu, kwenye gemu jingine la kwenye simu, alitumia rand 640 kwa usiku mmoja akifungua vijisanduku. Hakuwa anaiba, alidhani ni sarafu za gemu. Nilimgombeza vibaya, halafu nikakumbuka risiti ya juu ya friji nikanyamaza.

Lakini kilichoniuma zaidi siyo hela. Nirudi kwenye gemu nililolinunua kwa bati za Mama. Nililingoja usiku watoto walale, nikazima taa, nikawasha. Muziki ule ule. Nywele zilisimama. Nikacheza dakika arobaini... saa moja... na nikawa naona kuna kitu hakipo. Nikadhani ni picha, ziko safi mno. Nikadhani ni pedi, nyepesi. Halafu nikagundua kwamba nimefika mahali pagumu na hakuna aliyepiga kelele.

Pale barabara ya kumi na mbili kulikuwa na kibanda, benchi moja, televisheni moja yenye kutetemeka, na pedi mbili, moja imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Shilingi hamsini mechi. Anayefungwa anatoka. Mwenye benchi alikuwa anauza na barafu za ukwaju. Kumi na watano tunamwangalia mmoja anacheza na wote ni makocha. Ruka! Siyo hapo! Ngoja apite! Yupo aliyekuwa hana hata hamsini mwezi mzima lakini ndiye aliyejua njia zote, akawa analipwa kwa kuongoza wengine. Huyo sasa ni dereva Muscat, tukiongea bado ananielekeza. Kaseti ikichoka tunabadilishana na wa Chuda. Gemu halikuwa na mwenyewe.

Hicho ndicho nilichokuwa nakililia, na hakipo kwenye kasha. Hawawezi kukiuza kwa sababu hawakukitengeneza, wamekitengeneza wale waliokaa benchi. Tena wanakibomoa kwa makusudi. Halo, gemu la Microsoft, lilijenga jina mwaka 2001 kwa watu kukaa kochi moja mbele ya televisheni moja. Toleo la 2021 waliahidi kwamba wawili mtaweza kugawana kioo kwenye hadithi yake, na Septemba 2022 wakatangaza wamefuta. Mkitaka kucheza hadithi hiyo pamoja, kila mtu na televisheni yake, mashine yake, nakala yake, intaneti yake. Kaka na dada wa tumbo moja, vyumba viwili, nakala mbili za rand 1,399. Na diski ukiiazima kwa rafiki, siku hizi mengi ndani yake yana nusu gemu, nusu nyingine unaipakua, giga mia moja. Nani Ngamiani ana bando la giga mia moja?

Wapo wanaofanya kinyume, nao niwataje wasije wakaonewa. Septemba 2025 kikundi kidogo cha Australia, Team Cherry, kilitoa Silksong, gemu lililosubiriwa miaka, wakaliuza dola 20 wakati wangeweza kudai 70 na watu wangelipa. Konami nao gemu lao la mpira, lile tulilokuwa tukiliita Winning Eleven, tangu 2021 wanalitoa bure kwa jina la eFootball. Lilitoka bovu likachekwa dunia nzima, na hata bure ina vishawishi vyake, lakini angalau mlangoni hawakai na panga.

Basi nimeongea na kijana wangu. Nimemwambia la mwaka huu hatununui, tutanunua la mwaka jana, lililotumika, rand 250, kwa mzee jirani. Akanuna siku tatu. Akaniambia wachezaji wote watakuwa timu za zamani. Nikamwambia mimi nina miaka arobaini na kitu, wachezaji wangu wote wameshastaafu na bado nawapanga. Hakucheka. Juzi nimemkuta yeye na mdogo wake na watoto wawili wa jirani wamekaa chini, pedi mbili, anayefungwa anatoka. Ilikuwa kelele mpaka mke wangu akawatoa nje. Sisemi kwamba nimeshinda, jana kaniuliza tena bei.

Na wewe mpwa wangu. Najua babako atakusomea mistari ya juu tu, kwa hiyo nimekuandikia hapa chini. Sikutumii PS5. Ningeweza kujibana miezi mitano nikaitoa, kisha ungekaa nayo ndani peke yako na akaunti ya uongo, kila mwaka unanipigia simu ya gemu, na mimi kila mwaka ningekuwa na sababu ya kumwambia bibi yako kwamba mtandao wa benki unasumbua. Nimepata kwa mzee jirani PS2, imefunguliwa, inafanya kazi, hakutaka hela, kataka tu nimletee karafuu nikija likizo. Ina CD ishirini na moja, nimezijaribu, mbili zinakwama. Vitabu vya kidato cha kwanza na viatu vya shule nimetuma hela kwa mamako leo asubuhi, na hii siyo "tutaona".

Mzigo unakuja na mama mmoja wa Chuda anayerudi nyumbani mwisho wa mwezi. Dada, ndani kuna pedi mbili, nimezihesabu. Akikufungulia sanduku ukakuta moja, nipigie simu kabla hajafika Mombasa.